Nilipopima taka za nyumbani kwa mizani ya samaki

Aprili, katikati ya masika, kijana wa guta anayezoa taka mtaani kwetu aliinua kiroba chetu, akakishusha, akaniangalia.

"Mama, humu mmeweka mawe?"

Nilikasirika. Mimi! Mimi ninayetenganisha chupa tangu tulipohamia Tabata hapa Dar, niliyemgombeza shemeji yangu mbele za watu kwa kutupa kopo mtaroni, ambaye wapangaji wenzangu wameshanipa jina la Bibi Afya. Kiroba cha Mama Sabra, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye hatenganishi hata kijiko na uma, kijana alikirusha kwenye guta kwa mkono mmoja.

Jioni ile nikaenda kwa kaka anayeuza samaki karibu na steshenari yangu, nikaazima mizani, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Akauliza nataka kupima nini. Nikamwambia taka. Alikaa kimya kidogo, akasema niirudishe kabla ya Ijumaa ijayo, tena niioshe kwa limao.

Kwa siku saba kila kilichotoka ndani kilipita kwenye ndoano kabla ya kwenda kwenye kiroba. Binti yangu Imani, miaka tisa, ndiye aliyekuwa karani, na kauntabuku yake na kalamu nyekundu. Tuko watano ndani: mimi, Baba Imani, Imani, mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Wiki ilipoisha Imani akajumlisha mara mbili maana sikuamini. Kilo 14.2. Kati ya hizo, maganda, makapi na mabaki ya chakula yalikuwa kilo 8.6. Pampasi za mtoto 3.4. Majivu na mchanga wa kufagia, karibu kilo moja. Karatasi gramu 400. Na plastiki zangu, zile chupa nilizokuwa nazitolea mihadhara, gramu 600. Zilizobaki ni vikorokoro.

Gramu 600. Wakati ule chupa zilikuwa zinanunuliwa kwangu shilingi mia tatu kwa kilo. Yaani majigambo yangu yote ya wiki nzima hayafiki shilingi mia mbili.

Baba Imani hakusema kitu. Alichukua kauntabuku, akasoma, akairudisha mezani taratibu. Nilitamani aseme.

Siri ya Mama Sabra niliipata nilipoacha kiburi nikaenda kumuuliza. Anafuga kuku sita nyuma ya choo. Machicha ya nazi, ukoko, maganda ya viazi, pumba, vyote kuku wanamaliza. Vifuu vya nazi anavikausha juu ya bati na kuwashia mkaa, na kweli kifuu kinawaka kuliko kuni yoyote unayoijua. Hajawahi kusikia neno urejelezaji, yaani kugeuza taka kuwa kitu kipya, na nilipomtajia aliniuliza kama ni ugonjwa.

Chupa sizidharau. Zina jambo lake, na aliyenifundisha ni kijana anayepita Alhamisi na kiroba kikubwa kuliko yeye. Mwanzoni nilikuwa namkusanyia kila kilicho cha plastiki, najiona nimefanya hisani. Siku moja akachuchumaa uani, akavimwaga vyote chini na kuanza kuvigawa. Chupa za maji, zinazoonekana hadi upande wa pili, huku. Za rangi ya kijani, kule, bei yake ndogo. Vifuniko akavifungua kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko peke yake. Chupa ya mafuta ya kula, akainusa, akaiweka pembeni: "Hii mpaka uioshe kwa sabuni mama, wananirudishia." Vikopo vya mtindi, vipakiti vya sabuni, mfuko wa biskuti, vyote akanirudishia mimi kwa adabu kabisa. "Hivi havina soko."

Nikamuuliza kwa nini vifuniko vikae mbali wakati vyote ni plastiki. Hakuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo mnunuzi anavyotaka. Usiku nikatafuta mtandaoni, kesho yake tukajaribu na Imani. Tulikata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, tukavizamisha kwenye beseni. Cha chupa kikazama moja kwa moja. Cha kifuniko kikaelea, ukikisukuma chini kinarudi juu. Ni plastiki za aina mbili tofauti, zikiyeyushwa pamoja zinaharibiana, ndiyo maana hata kiwandani zikishasagwa hupitishwa kwenye maji ili zitengane. Imani alizamisha vitu vyote vya jikoni siku ile, pamoja na kichungio changu cha chai.

Kwa hiyo chupa zina mwenyewe. Hata nisipozitenganisha, kuna mtu atazitoa jalalani, maana ni hela. Zitamtesa zaidi, zitakuwa zimelowa mchuzi, lakini atazitoa. Kreti la soda hali kadhalika, nani alishaona chupa ya soda ya kioo imezagaa Dar? Ukiondoka nayo dukani bila kuacha hela ya chupa, utafuatwa hadi kwako. Kisicho na mwenyewe ni zile kilo nane na ushee za maganda, na ndizo zinazolowa, zinazonuka, zinazofanya kijana wa guta aniulize habari za mawe. Mvua ikinyesha kiroba kinakunywa maji, uzito unaongezeka, gari halifiki kwetu kwa sababu ya tope, na watu wasio na subira wanakimwaga mtaroni usiku. Kutoka mtaroni ni Mto Msimbazi, na Msimbazi kila mtu anajua unapofurika Jangwani kunakuwaje.

Nikaamua kutengeneza mboji.

Nilichukua ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko, nikaiweka nyuma ya chumba chetu, nikawa natupia maganda. Maganda ya ndizi, ya viazi, machicha, majani ya chai, ugali uliolala. Nikafunika vizuri ili isinuke. Huko kufunika vizuri ndiko kulikoniponza. Wiki ya pili nilifungua kifuniko nikarudi nyuma hatua tatu. Haikuwa harufu ya uozo tu, ilikuwa harufu ya choo cha stendi mwezi wa Disemba. Chini kulikuwa na uji mweusi. Na funza, wanene, weupe, wamepanda ukingo wa ndoo na kuanza safari kwenye ukuta, na ukuta ule ukiufuata unafika dirisha la Mama Sabra.

Kikao kilifanyika uani saa mbili usiku. Bibi mwenye nyumba alikaa kwenye kigoda chake, wapangaji tukasimama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya kukata. "Mwanangu," akasema, "mimi sina neno na elimu yako. Ila huyo mdudu aliyeingia chumbani kwa mwenzio, naye amelipa kodi?"

Watu walicheka hadi wa nyumba ya pili. Baba Imani alicheka zaidi ya wote, na tangu siku hiyo ile ndoo anaiita mzoga wako.

Nilikuwa nimekosea mambo mawili, na yote ni ya hewa. Taka za jikoni ni maji matupu, zikijazana bila kitu kikavu zinashikana, hewa haipiti, na vijidudu vinavyoozesha mahali pasipo hewa ndivyo vyenye harufu ile. Nikapasha msumari moto kwenye jiko la mkaa, nikaitoboa ndoo chini na ubavuni, matundu kama arobaini. Kwa fundi seremala nikaomba maranda, akanipa kiroba bure, kwake ni uchafu. Majani makavu ya mwembe tunayofagia kila asubuhi nikaacha kuyachoma. Sasa kila nikimwaga bakuli moja la maganda, namwaga juu yake mabakuli mawili ya vikavu. Kila baada ya siku tatu nageuza kwa kijiti. Nikishika bonge moja nikalikamua, liwe kama dekio lililokamuliwa: unyevu upo, maji hayatoki. Likitoa maji, naongeza maranda. Mifupa na vichwa vya samaki siweki, paka wa mtaa huu hawana aibu. Na machicha sasa yanakwenda kwa kuku wa Mama Sabra, hiyo ndiyo fidia tuliyokubaliana.

Hata karatasi zimepata pa kwenda. Steshenari inazaa karatasi zilizoharibika kila siku, na miaka yote nilikuwa nawapa wauza karanga wafungie. Mpaka nilipofungua karanga za mia mbili nikakuta ndani barua ya maombi ya kazi niliyoichapa mwenyewe, jina na namba ya simu ya mteja viko pale vinang'aa kwa mafuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi karatasi yenye jina la mtu au nakala ya kitambulisho naichana vipande, inaingia kwenye ndoo kama kitu kikavu, na inaoza vizuri tu. Wauza karanga wanapata zisizo na habari za mtu.

Ilichukua kama miezi miwili na nusu. Nilipoimwaga mara ya kwanza ilikuwa nyeusi, inamomonyoka mkononi, inanukia kama barabara ya vumbi mvua inapoanza kudondoka. Maganda ya mayai tu ndiyo yalikuwa bado yanajulikana. Nina viroba vinne nilivyopanda mchicha sasa na kimoja cha matembele. Sitadanganya kwamba sinunui mboga tena. Nanunua. Lakini si kila siku.

Bibi mwenye nyumba alikuwa mgumu zaidi kwenye kuchoma. Kila magharibi alikuwa anawasha kilundo chake uani: majani, mifuko, chupa ya dawa ya mbu, chochote, na ule moshi wa plastiki unaokwaruza koo unaingia vyumbani mwetu sote. Nikamwendea kwa heshima. Yeye yuko hapa tangu dampo la jiji likiwa hapa hapa Tabata, na anaikumbuka ile kesi ya 1988, wakazi walipoishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi na uvundo, wakashinda. Baadaye dampo likahamia Vingunguti, likaenda Mtoni, leo taka zetu zinapanda hadi Pugu Kinyamwezi. Nikamwambia, bibi, si nyinyi mlioshtaki kwa ajili ya moshi?

"Ule ulikuwa moshi wa Jiji," akasema. "Huu wangu."

Majani ananipa, kwa sababu nimeahidi kumpa mboji ya mirehani yake. Plastiki bado anachoma, ila anasubiri niwe dukani.

Mengine ya nyumbani ni madogo. Maji ya kusuuzia nguo yanamwagiwa choo, hilo tulilizoea wakati wa uhaba wa maji wa mwishoni mwa 2022 na hatukuliacha. Maharage tunayapikia kwenye jiko la umeme la presha, LUKU inavumilia. Sokoni naenda na kikapu cha ukindu cha mama yangu. Mnakumbuka Juni mosi 2019, rambo zilipopigwa marufuku? Wengi tulidhani tutashindwa hata kubeba nyanya, na tulibeba. Ila ile mifuko mbadala iliyochukua nafasi yake, inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki, ndugu yake yule kifuniko wa kwenye beseni. Mimi ninayo ishirini na saba chini ya kitanda. Nimeihesabu. Mfuko ukirudiwa mara mia una maana, lakini nani anakumbuka kutoka nao? Kikapu nakikumbuka kwa sababu nikikipoteza mama atanitoa roho.

Pampasi zimenishinda, niseme tu. Mchana nyumbani mtoto anavaa nepi za kitambaa, usiku na safarini pampasi. Nepi zinataka maji, sabuni na mtu wa kufua, na huyo mtu ni mimi baada ya kufunga duka saa mbili. Nilipopima tena mwezi wa nane kiroba chetu kilikuwa kilo tano na kidogo, na zaidi ya mbili na nusu ni pampasi. Hazina mnunuzi, haziozi, mama mkwe haruhusu zichomwe, anasema mtoto atapata vipele. Kwa hilo la kutochoma tunakubaliana, kila mtu kwa sababu zake.

Kijana wa guta sasa anakiinua kiroba changu kwa mkono mmoja. Nilimsubiri aseme neno, hakusema.

Ila kijana wa Alhamisi ana wiki ya tatu hajapita. Nimeulizia kwa wenzake pale mizani ya chuma chakavu, wakaniambia bei ya chupa imeshuka na mnunuzi wao hachukui kwanza, amehamia kwenye makopo ya alumini. Kwa hiyo nina viroba vinne vya chupa, zimesuuzwa, vifuniko pembeni, vimerundikwa nyuma ya mlango wa Mama Sabra. Ameniuliza mara mbili vinaondoka lini.