Sado yangu

Nauza dagaa wakavu Kibirizi, hapa Kigoma. Sado yangu, kindoo cha kupimia, ina kitako kilichobonyea kwa ndani. Sikuibonyeza mimi, niliikuta hivyo dukani. Ila kulikuwa na nzima pembeni yake, nikaiacha.

Alhamisi kwenye darsa, ustadhi alifafanua Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Nilitikisa kichwa kuliko wote. Moyoni nikawa nawafikiria wenye mizani wa sokoni Mwanga. Wale ndio!

Jana bibi mmoja wa Ujiji akatia mkono ndani ya sado, akapapasa. “Mwanangu, mbona hii imefunga na Ramadhani bado?”

Nikamwongezea viganja viwili, jasho likinitoka. Waliokuwa nyuma yake niliwapimia kama kawaida.