Goti la Mara ya Pili: Kano Itoke Wapi?

Tanga, Jumapili jioni

Wiki nzima swali limekuwa hilo hilo. Mtu alishafanyiwa upasuaji wa ACL, ule ukano wa ndani ya goti unaolishikilia lisiteleze, kipandikizi (kano iliyowekwa mahali pake) kimekatika, sasa kano ya safari hii itoke wapi? Watu wanataka jibu la neno moja, na mimi naona anayelitoa upesi hajaliangalia goti.

Kwanza ijulikane ile ya kwanza ilikatika kwa nini. Mara nyingi kosa haliko kwenye kano, liko kwenye tundu linalotobolewa mfupani kupitisha kano: kwenye mfupa wa paja lilitobolewa mbele mno, au limesimama wima mno. Tundu la wima hulizuia goti lisisogee mbele lakini haliizuii kuzunguka, basi mchezaji akigeuka ghafla goti linaachia. Weka humo kano bora kuliko zote, nayo itakatika. Mteremko wa juu ya mfupa wa ugoko upimwe pia kwenye eksirei ya ubavuni. Ukifika nyuzi 12 na kuendelea, kipandikizi kinavutwa kila hatua, na hapo kuna haja ya kufikiria kuurekebisha mfupa wenyewe.

Halafu upana wa matundu, ambao picha ya CT huuonyesha vizuri kuliko MRI. Tundu likishapanuka kufikia milimita 14 au 15, skrubu ya kuishikilia kano ni kama msumari kwenye ukuta wa udongo uliolika. Kazi inagawanywa: kusafisha na kujaza mfupa, mara nyingi kutoka nyongani, kungoja miezi 4 hadi 6, ndipo kano iwekwe. Kwa wa huku hiyo inaweza kuwa na maana ya safari mbili za Dar au Moshi na magongo mara mbili. Aambiwe mapema, ajipange.

Sasa kano zenyewe. Ile iliyo chini ya pia ya goti huchukuliwa theluthi yake ya kati, upana wa milimita 10 hivi, na kipande cha mfupa kila upande. Mfupa kwa mfupa hushikana kwa takriban wiki 6, wakati kano tupu ndani ya mfupa hutaka 8 hadi 12. Vile vipande hujaza pia tundu lililopanuka kidogo. Kijana anayetaka kurudi kucheza uwanja wa Mkwakwani, na mara ya kwanza alichukuliwa ya nyuma ya paja, mimi naegemea hapa.

Lakini swali la pwani yetu ni hili: “Dokta, nitasujudu?” Unaposhuka, uzito unatua chini tu ya pia ya goti, pale pale penye kovu na mashimo ya mfupa uliokatwa. Wengine huumwa hapo kwa miaka. Kabla ya kuamua, mgonjwa apige magoti kwenye mkeka juu ya sakafu ya saruji. Kama tayari anakunja uso, kano hiyo isiwe chaguo la kwanza.

Ndiyo maana naipenda ile ya juu ya pia ya goti, ya misuli ya mbele ya paja. Ni nene, kovu lake liko juu, mkeka haulisugui sana. Ubaya wake, paja huchelewa kupata nguvu, na kipande cha mfupa kikikatwa kikubwa mno pia ya goti inaweza kupasuka. Kama ya chini ilishachukuliwa kwenye goti hilo, hii ichukuliwe bila mfupa.

Za nyuma ya paja, unene wake haujulikani kwa hakika mpaka zitoke. Chini ya milimita 8 hatari ya kukatika inapanda, na mwembamba anaweza kutoa 7 tu, hata zikikunjwa mara nne. Zinapunguza pia nguvu ya kukunja goti hadi mwisho, jambo ambalo mvuvi anayechuchumaa chomboni atalihisi. Mguu wa pili, usioumia, nao unaweza kutoa kano, ingawa wengi hawataki uguswe.

Kano ya marehemu kwa kijana wa mpira siiungi mkono. Utafiti wa MARS wa Marekani, wagonjwa 1,205 wa upasuaji wa marudio, ulikuta ndani ya miaka 2 kano ya mtu mwenyewe ina uwezekano mdogo wa kukatika, tofauti ya karibu mara 2.8.

Yoyote itakayochaguliwa, mpira usiguswe kabla ya miezi 9. Kwa goti la marudio nasema 12, na nguvu ya paja ipimwe kwanza.

Na karatasi ya upasuaji wa kwanza iende na mgonjwa. Inasema kano ilitoka wapi na skrubu ni ya aina gani, saizi gani. Bila bisibisi inayoingia kwenye kichwa cha skrubu hiyo, daktari anaweza kukwama goti likiwa limeshafunguliwa.