Siku moja maishani mwangu: kupima sukari inayoliwa na uvimbe

Saa 1:30 asubuhi nafika hospitalini, upepo wa Juni wa Dodoma ukiwa bado mkali, na kabla ya jambo lolote naweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani ya kliniki ili nijiridhishe kwamba inasema kweli. Mimi ni mtaalamu wa fizikia tiba, na kazi yangu ni kusoma picha za PET, zinazoonyesha mahali sukari yenye mionzi inapokusanyika mwilini, na kukadiria kiasi cha sukari kinachoingia kwenye uvimbe wa saratani. Mashine yenyewe hatunayo. Wagonjwa wetu husafiri kwenda Dar es Salaam, lakini maandalizi huanzia kwetu na picha hurudi kwetu.

Wengi huuliza kwa nini dawa ya kipimo, FDG, yaani sukari yenye mionzi anayochomwa mgonjwa kabla ya picha, isiletwe huku. Florini-18, kiini cha mionzi kilichomo ndani yake, hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo kwa safari ya gari ya saa saba ingefika ikiwa imebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mgonjwa huifuata dawa.

Saa 3:00 anaingia mama mmoja kutoka Kongwa, mwenye saratani ya mitoki, pamoja na kijana wake. Kesho wanapanda SGR na keshokutwa asubuhi atapigwa picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi na mlenda nao nisile?"

Namweleza kwamba usiku wa kuamkia kipimo asile chochote, hata mlenda, na anywe maji matupu tu, kwa sababu sukari ya damu isipotulia hushindana na ile tutakayomchoma. Leo na kesho asishike jembe wala kubeba ndoo, maana misuli iliyochoka nayo hula sukari. Achukue na kitenge kizito: mwili ukipata baridi, mafuta ya shingoni huwaka kwenye picha, na shingoni ndiko mitoki yake iliko. Namsimamisha kwenye mizani bila viatu, bila mkoba. Kilo 54.

Saa 5:00 nafungua picha zake za kwanza, zilizopigwa kabla ya matibabu. Otto Warburg, Mjerumani, alionyesha miaka ya 1920 kwamba uvimbe hutumia glukosi kwa wingi kupita kiasi hata oksijeni inapotosha, na kipimo chetu kimejengwa juu ya tabia hiyo. FDG huingia kwenye seli kama glukosi, hufungwa fosfeti na kimeng'enya cha heksokinesi, kisha hunasa humo kwa sababu haiwezi kuendelea kuvunjwa. Mama ana uvimbe shingoni unaong'aa kama kaa la moto. Ubongo na kibofu navyo vinang'aa, lakini hivyo ni kawaida.

Kompyuta inatoa SUV, kipimo cha sukari inayoingia kwenye uvimbe, ya 9.3. Namba hiyo hupatikana kwa kulinganisha dawa iliyomo kwenye uvimbe na dozi aliyochomwa, ikizidishwa kwa uzito wake. Nikirudi kwenye fomu nakuta kilo 62, na daftari la kliniki la wiki ileile linasema 54. Mtu fulani aliandika uzito wa zamani. Nikirekebisha, inakuwa 8.1. Jambo hili linaniumiza sana, kwa maana kama keshokutwa angepimwa kwa uzito sahihi, tungeona uvimbe umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi pasipo matibabu kufanya lolote, na daktari angefurahia nafuu isiyokuwepo.

Saa 8:00 tunakaa na madaktari. Picha ya mzee wa Kondoa ina tezi inayong'aa kifuani, na daktari kijana anataka kuiita saratani iliyosambaa. Nasihi tusubiri: kifua kikuu nacho hula sukari, na SUV peke yake haiwezi kuvitenganisha. Tunakubaliana kwamba kinyama cha tezi hiyo kichukuliwe na kupimwa kwanza.

Saa 10:30, nikiwa nakamilisha ripoti iliyorekebishwa, simu inaita. Ni kijana wa yule mama. Anauliza kama chai ya rangi isiyo na sukari inaruhusiwa asubuhi ya kipimo. Namjibu kwamba ni maji matupu tu, kisha namwomba anisomee uzito ulioandikwa kwenye fomu waliyobeba.

"Hamsini na nne," anasema.