Muvi ukutani: sabtaito zimekubali (na nyanya kanizulia kazi nyengine)

Zimekubali! Wallahi sabtaito zangu, yale maandishi ya tafsiri chini ya muvi, zimekubali, mwanzo mpaka mwisho, neno linatoka na mdomo. Saa hii ni saa nane usiku, hapa Kuze, Mji wa Kale Mombasa, kote kimya, nasikia mapaka tu juu ya mabati, na mimi usingizi hauji kwa furaha, acha niandike kabla sijasahau nilifanyaje.

Wanaofuatilia huu mradi washajua, kila Jumamosi baada ya Isha napiga projekta kwenye ukuta wa ua, nyanya na mama na mamangu mdogo na watoto wa jirani wanakaa mkekani, kachiri na ndimu, muvi moja mpaka iishe. Sabtaito za Kiswahili nazitengeneza mwenyewe. Jumamosi ya kabla ya hii ya juzi tulikua na Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018, yule mtoto Jo mgonjwa anayependa mashujaa wa muvi mpaka kijiji kizima kinaamua kumtengenezea muvi yake. Ile haikunipa taabu ya mafaili kwa sababu Kiswahili kimo ndani, nilijazia tu pale wanapotoka kwenye Kiswahili. Taabu ilikua kifuani. Nilijikaza nikashindwa, mamangu mdogo akaondoka akenda jikoni akakaa huko, na watoto walinyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye ule ua. Ile muvi ingekua inaoneshwa kila mtaa.

Sasa hii ya juzi ndio ilitaka kunitoa roho. Children of Heaven, ya Majid Majidi, ya Iran, 1997. Nimeitafsiri wiki tatu kutoka sabtaito za Kiingereza, mistari mia kadhaa, kila neno nimelipima, halafu nafungua nijaribu: mistari kumi ya mwanzo sawa, nikafurahi, nikenda kuoga, narudi nakuta mtoto kwenye muvi anakimbia na chini maneno ni ya watu walioondoka zamani.

Nikafanya kile kila mtu anafanya, ile herufi G ya kuwahisha sabtaito kwenye VLC, programu ya kuchezea muvi. Kila ukibonyeza inasogea milisekunde 50, kwa hivo kuchelewa sekunde 25 ni mibonyezo 500, ukishikilia kidole inakwenda mbio. Ikakaa sawa. Dakika tano mbele ishatoka tena. Nikasogeza tena, ikatoka tena. Nikaona bas faili lina kasoro katikati, nikalikata vipande kumi na mbili nikavisogeza kimoja kimoja kwa mkono, usiku tatu hizo, na kila kipande mwanzo wake sawa mwisho wake kombo. Nikatafuta faili jengine la Kiingereza nikahamisha maneno yangu huko, upotevu ule ule. Nilikasirika mpaka mama akaniuliza kama kuna mtu kanidhulumu kazini.

Jawabu nililipata feri ya Likoni, asubuhi, tumesimama tumebanana na mikokoteni. Nilikua nimeandika kwenye simu muvi ikifika dakika gani maneno yamechelewa kiasi gani. Dakika ya 10, sekunde 25. Dakika ya 20, sekunde 51. Dakika ya 40, dakika moja na sekunde 42. Nikazitizama weeee. Haziruki! Kila ukienda mara mbili kuchelewa nako mara mbili. Kwa hivo faili halina kasoro popote, linatembea tu kwa mwendo mwengine. Nikatoa kikokotoo nikagawanya, zote zinakuja asilimia 4 na robo hivi, na pale pale nikakumbuka 25 ukigawanya kwa 23.976 unapata 1.0427. Nilipiga kelele, mzee mmoja wa mkokoteni akaniuliza kheri? nikamwambia kheri baba, kheri kabisa.

Kwa asiyewahi kukutana nalo: muvi hupigwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. TV za Marekani mfumo wao ukawafanya waipunguze kidogo mpaka 23.976. Sehemu kubwa ya Ulaya na huku kwetu mfumo wa zamani wa TV ulikua PAL, fremu 25, na njia rahisi waliyoipata ni kuikimbiza tu muvi nzima mpaka ifike 25, hata sauti zinapanda kidogo. Kopi yangu ni ya 25. Ndio maana inakwisha dakika 85 na muvi yenyewe ni 89, na hilo nililiona siku ya kwanza, nikadhani wamekata majina ya mwisho! Sabtaito ni za 23.976. Unazidisha saa ya kila mstari kwa 0.959, kwisha kazi. Kwenye Subtitle Edit, programu ya kutengenezea sabtaito, kuna sehemu ya kubadilisha fremu, unaweka 23.976 kwenda 25, sekunde mbili. Wiki tatu na sekunde mbili. Ikabaki kuchelewa kidogo tu kwa sababu ya nembo za mwanzo, hiyo ndio ya kusogeza mara moja, na ikisogea haitoki tena.

Tukiwa hapo, Subtitle Edit ni ya bure na mimi sioni sababu ya mtu kutumia kitu chengine kwa kazi hii. Aegisub, programu nyengine ya kazi hiyo, ni nzuri ukitaka madoido, rangi na maneno yanayocheza, lakini kwa kupanga saa inachosha. Na maboksi ya projekta za bei rahisi yanavyoandika mwanga si kweli, ununue kwa macho yako, uiwashe dukani mlango ukiwa wazi. Shuka nimeachana nayo, upepo wa kusi unaitia tumbo kama tanga, ukuta wenye chokaa ndio mwisho wa maneno. Ila maandishi meupe yanapotea picha ikiwa na mwanga mwingi, weka manjano yenye ukingo mweusi mnene.

Halafu nikadhani nimemaliza, nafungua kwenye kile kidude cha kuchezea flashi, mwanzo tu naona ngâ€™ombe. Ng'ombe kaingiliwa na vidudu! Nilikua nimeandika mistari mengine kwenye simu, na simu inaweka ile alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, kidude hakijui UTF-8, ule mfumo wa kuhifadhi herufi, kikaitafuna. Kiswahili hakikwepi ng', iko kila mahali, ng'oa, ng'ara, king'ora. Nimebadilisha zote kwa mpigo mmoja ziwe zilizonyooka na sasa kila faili nalipitisha hapo kwanza.

Na muvi sasa. Jamani. Mimi nimeshaiona kwa kutafsiri labda mara thelathini na bado. Mvulana kapeleka viatu vya ndugu yake wa kike kwa fundi, vimepotea, nyumbani hakuna pesa, wanaogopa kumwambia baba, kwa hivo wanashirikiana jozi moja ya raba, msichana anasoma asubuhi anarudi mbio mpaka kichochoroni wanabadilishana, mvulana anakwenda mchana mbio. Hicho tu ndio kisa. Hakuna bunduki hakuna gari linaloruka na watoto wa jirani hawakutikisika. Ile raba ilipoangukia mtaroni ikachukuliwa na maji, ua mzima ulisimama, mtoto mmoja alikua anaikimbilia ukutani.

Pahali palipoumiza kichwa kutafsiri ni wale watoto wanavyozungumza kwa kuandikiana kwenye madaftari, baba yuko hapo hapo chumbani asisikie. Hawasemi, wanaandika. Nikafikiri sana, mwisho haya nikayaweka kwa Kimvita kabisa, Kiswahili cha Mombasa, kama watoto wa hapa wanavyosema wakiwa peke yao, ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, usiteke kwa usicheke, na yanayosemwa kwa sauti mbele ya wakubwa nikayaacha Kiswahili cha shule. Sikumwambia mtu. Mama alipofika hapo akasema, "Hawa watoto wa Kibokoni." Kibokoni ni mtaa wa hapa hapa Mji wa Kale. Nilijivuna mno.

Na ile sukari! Baba anavunja sukari ya kupelekwa msikitini, chungu nzima mbele yake, binti anamletea chai naye anataka ya kutia kwenye chai yake, binti anashangaa si hii hapa, anaambiwa hii ya msikiti. Kiingereza kimepita hapo kwa maneno machache tu. Mimi nilitia neno moja, amana. Nyanya alitikisa kichwa akasema ndivyo, akanyamaza. Baba mwenyewe maskini, kodi inamshinda, na hachukui kibonge kimoja. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo, ile ndio muvi yote kwangu mimi, mashindano ya mbio ya mwisho watu wanayasifu sana na ni mazuri, huruma ya mtoto kuwa wa kwanza wakati alitaka wa tatu apate raba, lakini mimi nabaki kwenye sukari.

Mpango wa wiki hii ulikua kutengeneza stendi ya spika na kupaka ukingo mweusi ukutani. Sitafanya. Sababu ni nyanya.

Baada ya muvi nikamuuliza, nyanya umeweza kusoma? Nikitarajia aseme ndio, kwa sababu nimepunguza mwendo, herufi 12 tu kwa sekunde, mistari miwili mifupi. Akaniambia, "Mwanangu, hizo herufi zako mimi nazifukuza, nikiifika ya mwisho ya kwanza ishakwenda. Nilikua nawasikiliza tu na kuwatizama nyuso. Ungeniandikia kwa herufi za chuoni ningekusomea na wewe."

Sikulala siku ile. Nyanya kasoma chuoni, yaani madrasa, barua zote alizoandikiana na marehemu babu zilikua Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi zake zote zimeandikwa hivo. Mshairi Muyaka bin Haji naye mashairi yake yalikua kwa herufi hizo hizo, mji huu huu. Na mimi namwekea herufi za kizungu ukutani kwake mwenyewe!

Kwa hivo nimeanza. Mistari ishirini tu mpaka sasa na tayari ni vita. Kiarabu hakina p wala ch wala v, hizo zinaazimwa, پ na چ na ڤ, hapo sawa. Kuna mfumo uliopendekezwa na Sheikh Yahya Ali Omar wa hapa hapa Mombasa pamoja na P.J.L. Frankl, 1997, umejengwa juu ya Kimvita na unatenganisha hata zile t zetu mbili, ya meno na ya ufizi, huo ndio nataka kuufuata. Shida ya kwanza ni alama ya kuuliza na nukta zinaruka upande usio wake, kidude cha flashi hakijui kwamba mstari unaanzia kulia. Laptopu inajua, kwa hivo itabidi nicheze kwa laptopu. Shida ya pili ndio ngumu, Kiswahili bila irabu hakisomeki, kwa hivo lazima nitie alama za irabu, fat-ha na kasra na dhumma, kila herufi, na hizo kutoka mkekani hadi ukutani ni vumbi tu. Nimejaribu fonti nne. Amiri ndio inayotoa irabu safi, nimeikuza mpaka mstari mmoja unachukua nusu ya upana, lakini nikiweka mistari miwili, dhumma za mstari wa chini zinapanda juu ya mstari wa kwanza. Nimeongeza nafasi, VLC haisikii. Hapo ndipo nilipokwama usiku huu.

Lakini magharibi nilimjaribia mstari mmoja peke yake, ule wa mtoto anauliza viatu vyangu viko wapi. Nyanya hakusogea alipokaa. Akausoma kwa sauti, wote, halafu akanyoosha kidole ukutani akaniambia hiyo ya "viko" nimekosea, irabu yake yavutwa, nitie na yaa.