Siku Moja Maishani Mwangu: Wakala wa Tiketi za Ndege, Kigoma

Wengi hapa mjini hudhani kwamba wakala wa tiketi hukaa kwenye kiyoyozi akichapa karatasi. Ofisi yangu ya Mwanga ina feni moja, na sehemu kubwa ya siku huishia katika kueleza saa.

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua mlango huku simu ikiita. Nchi nzima hufuata saa zilezile, lakini jua hutufikia huku takriban dakika 38 baada ya kufika Dar es Salaam, kwa hiyo wa Pwani hupiga wakiwa wameshachangamka, wakati sisi ndiyo kwanza tunafagia.

Saa 3:00. Malipo kwa simu, mabadiliko ya tarehe, na mama mmoja anayeuliza kama dumu la mawese litakubaliwa ndani ya ndege. Kila tiketi yenye 07:00 naizungushia kalamu na kuandika pembeni “saa moja asubuhi”, kwa kuwa wapo waliokwisha kufika uwanjani saa saba mchana. Kwa wageni wa Burundi naongeza “saa za Tanzania”, maana kwao saa iko nyuma kwa saa moja.

Saa 5:00 aliingia mzee mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, nami nikamwamkia. “Marahaba, binti yangu,” akasema, kisha akaweka simu mezani. Ilionyesha kwamba Kigoma na Dar es Salaam ziko umbali wa kilomita 1,080 hivi kwa mstari ulionyooka. Alikuwa amesikia kwamba ndege ya mapangaboi hukata kilomita 650 kwa saa, akagawanya, akapata saa moja na dakika 40. Kwa nini basi, akaniuliza, tiketi ninayouza inasema zaidi ya saa mbili?

Nilimweleza kwamba muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, kwamba haipai ikiwa tayari na mwendo wake kamili, na kwamba ikikaribia kutua hupunguza mwendo na pengine kusubiri zamu. Alikubali kwa shingo upande, kisha akaiona safari ya pili, inayopitia Tabora, ambayo huchukua karibu saa tatu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kutoka hapa hadi Tabora ni kilomita 350, kutoka Tabora hadi Dar ni 733. Njia imeongezeka kilomita chache tu, sasa karibu saa nzima imekwenda wapi? Hesabu yake, lazima niseme, ilikuwa sahihi kuliko ya wateja wangu wengi. Nikaanza upya: kushuka, kutua, abiria kutoka na wengine kuingia, mizigo, kisha kupaa tena. Nyuma yake watu walikuwa wamejazana hadi barazani, na mmoja akamshauri apande treni, apewe zaidi ya kilomita 1,200 za reli kwa bei nafuu. Mzee hakucheka.

Alinunua ya moja kwa moja. Sikumbuki vizuri nilikula saa ngapi. Baada ya hapo ilikuwa foleni, mtandao uliokwama, na sauti iliyoanza kukauka.

Usiku, nikiwa nimeshafika nyumbani, alinipigia kuuliza afike uwanjani saa ngapi. Nikamwambia saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Akataka kujua sababu, ilhali kutoka kwake hadi uwanjani ni kilomita chache tu.