Siku moja maishani mwangu: napeleka picha za makumbusho vijijini

Kazi yangu ni kuwaonyesha watu wa Kaloleni na Rabai picha za vitu vya mababu zao vilivyo ng'ambo, kisha kurekodi wanayoyasema. Ofisi yetu ni chumba kimoja Mji wa Kale, Mombasa.

Saa 11 alfajiri. Nachomoa tableti kwenye chaji, natia kinasa sauti mfukoni. Picha nimezipakua jana usiku, maana kule mtandao ni wa kubahatisha. Nabeba pia picha zilizochapishwa kubwa kwenye karatasi. Juani kioo cha tableti hakionyeshi kitu, na wazee wengi macho yamepungua nuru.

Saa 12 na nusu. Niko kwenye matatu, tumeshapita Mazeras. Napitia orodha. Mradi wa International Inventories Programme, uliowakutanisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii na majumba mawili ya makumbusho ya Ujerumani, ulikusanya taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo Ulaya na Marekani. Rekodi za namna hii nimezisoma nyingi. Mara nyingi unakuta jina la mzungu aliyekitoa kitu, lakini fundi aliyekitengeneza hatajwi. Hilo linaniuma, na ndilo linaloniamsha alfajiri.

Saa 3 asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Viti vimeshatolewa chini ya mwembe. Namfungulia picha ya hando, vazi la kiunoni la wanawake wa Kimijikenda, iliyoandikwa "sketi ya pamba", basi. Mama anaikuza kwa vidole viwili, anaitazama kimya, halafu anaagiza leso kutoka ndani. Anaanza kuikunja marinda membamba, moja juu ya jingine, kila rinda akilibana kwa kucha ya gumba kabla ya kuanza linalofuata. Anaeleza kitambaa kingi namna ile kilivyofungwa kiunoni na nyonga ikajaa. Mjukuu wake anachukua video kwa simu, na mimi najitahidi nisimkatize. Majirani wawili wamejiunga, wanabishana kuhusu urefu. Ubishi huo nao naurekodi wote, kwa sababu ndani yake mna maarifa ambayo hakuna fomu ingeyauliza.

Saa 5. Kwa mzee mmoja, mwenye kujua habari za vigango. Hapa tableti inabaki mkobani mpaka aitake mwenyewe. Kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa Kimijikenda, na hakitakiwi kung'olewa. Vingi viliibwa vikauzwa Marekani.

Mzee anaijua habari ya Kalume Mwakiru, aliyepigwa picha mwaka 1985 na mtafiti Monica Udvardy akiwa kando ya vigango vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy akakiona kimoja kwenye picha zilizoonyeshwa mkutanoni, kumbe kiko jimbo la Illinois, na Illinois State Museum ndiyo iliyokuja kukirudisha. Cha pili kikapatikana Hampton University. Picha ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ushahidi, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa. Mwaka 2023 makumbusho hayohayo ya Illinois yakarudisha vigango vingine 37.

Lakini picha inayomsaidia mwenye mali humwonyesha mwizi njia pia. Ndiyo maana fomu yetu ina sehemu tatu: ionekane na wote, ionekane na jamii tu, au ifungwe. Mzee anachagua ya tatu, na mahali penyewe hatupaandiki popote. Kwangu mimi, uwezo wa kufunga rekodi una thamani kuliko uwezo wa kuisambaza, na mfumo usiokuwa nao siutumii.

Saa 8 mchana. Sima na mtsunga, mboga ya majani. Nimeshiba.

Saa 9. Shule ya sekondari ya jirani. Vijana wa klabu ya utamaduni wanakata rekodi ndefu kuwa vipande vya dakika tatu, vya kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kijana anayehariri sauti ya nyanya yake husikiliza mpaka mwisho. Hilo nimeliona mara nyingi.

Saa 12 jioni. Ofisini. Nanakili rekodi kwenye diski mbili na kwenye hifadhi ya mtandaoni, halafu nawaandikia watu wa makumbusho yenye hando ile: jina la vazi, linavyokunjwa, linavyofungwa, na jina la mama aliyeeleza, kwa ridhaa yake.

Saa 2 usiku. Simu inalia, ni mjukuu wa yule mama. Bibi yake anauliza kama wanaweza kupiga picha nyingine, ya upande wa ndani pale panapofungwa, apaone vizuri. Nimeliongeza ombi lake kwenye barua, nikaituma.