Majimaji ya fizi yanajua ambacho eksirei haijui

Hivi unajua daktari wa meno akipitisha kile kichuma chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na fizi, anachosoma pale ni historia? Mfuko, yaani ule uwazi kati ya jino na fizi, ukiwa na kina cha milimita 6 unamwambia tu kwamba mfupa unaoshika jino ulishaliwa na ugonjwa wa fizi, ila bado unaliwa au ulishatulia, hapo hajui. Eksirei nayo ndo hivyohivyo, mpaka mfupa upoteze madini kama asilimia 30 au zaidi ndo uanze kuona kitu kwenye picha. Fizi isipotoka damu ikiguswa ni dalili nzuri sana, ikitoka sasa haimaanishi lazima mfupa unaenda, afu wavuta sigara wanavuruga kabisa maana fizi zao hutoka damu kidogo hata kama kumeoza huko chini.

Ndo maana watafiti wamehangaika miaka na yale majimaji yanayochuruzika kwenye kamfereji kati ya jino na fizi. Fizi ikiwa nzima ni machache mno, ikivimba yanaongezeka, na yanabeba habari zote za mle ndani. Unachomeka kikaratasi chembamba kwa sekunde 30 hivi kinanyonya, mara nyingi hata mikrolita moja haifiki!

Mimi kinachonivutia ni MMP-8, kimeng'enya kinachotoka zaidi kwenye zile seli nyeupe zinazoitwa neutrofili. Kazi yake kukata kolajeni, na kolajeni ndo nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa, yaani bakteria wanachokoza tu, anayebomoa nyumba ni mwili wenyewe. Vipimo vyake vya haraka vipo tayari, unasubiri mistari kama kipimo cha mimba. Kuna IL-1 beta pia, protini inayochochea uvimbe, na RANKL, protini inayoziamsha seli zinazokula mfupa, ambayo huangaliwa pamoja na mpinzani wake OPG.

Sasa msikimbilie kushangilia. Jino moja hupimwa sehemu sita, kwa hiyo meno 28 ni sehemu 168, utachomeka vikaratasi vyote hivyo? Mate yakiingia au damu ikichanganyika, sampuli imeharibika. Halafu kuna hili linaloniumiza kichwa: fizi ikivimba majimaji yanakuwa mengi, kwa hiyo kimeng'enya kinaweza kuongezeka kwa jumla huku ukali wake kwa kila mikrolita ukishuka kwa sababu kimezimuliwa, basi huyu anaripoti jumla, yule anaripoti ukali, majibu hayalingani. Na fizi iliyovimba tu bila mfupa kuguswa nayo inaweza kupandisha namba, so kipimo kimoja peke yake hakitoshi.

Naona faida yake kubwa iko baada ya matibabu. Ukishasafishwa chini ya fizi MMP-8 huwa inashuka, kwa hiyo unajilinganisha na wewe mwenyewe wa kabla ya tiba, na ile sehemu inayogoma kushuka ndo daktari airudie mapema, asisubiri mfuko uongezeke milimita nyingine.